KULIWA MFULULIZO KWENYE POKA YA INTANETI: NINI CHA KUFANYA KABLA HUJAFULIA



Kuna vijana wawili watatu hapa mtaani wamenifuata kwa nyakati tofauti na swali lile lile: "Kaka, poka naiweza, ila wiki ya tatu hii naliwa kila siku. Nifanyeje?" Kila mara najibu juu juu halafu baadaye najuta. Leo nimeamua kukaa chini niandike yote mahali pamoja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Ni ndefu kidogo. Kama uko kafe na umebakiza dakika kumi, ihifadhi kwenye flashi ukaisome nyumbani.

Tuelewane mapema. Simshawishi mtu aanze kucheza, na kama una chini ya miaka 18 hii haikuhusu kabisa, sheria yetu hairuhusu. Naandika kwa ajili ya yule ambaye tayari yuko mezani na anaumia. Mimi niliumia. Mwaka 2008 nilipoteza dola 700 ndani ya siku 19, na dola 100 kati ya hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa ada ya mdogo wangu. Nitafika huko.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Poka ninayoisema hapa ni Texas Hold'em isiyo na kikomo. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Halafu katikati ya meza zinafunuliwa karata tano za wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho. Kila hatua kuna kuweka dau. Mwenye mkono bora wa karata tano anachukua hela yote ya katikati, ambayo tunaiita poti. Ukiona karata zako hazifai unazitupa na kusubiri mkono mwingine.

"Isiyo na kikomo" maana yake zamu yako ikifika unaweza kusukuma hela yote uliyo nayo mezani. Utamu wa mchezo uko hapo, na kaburi liko hapo hapo.

Blaindi: dau la lazima linalowekwa na watu wawili kabla ya karata kugawiwa. Meza ya senti 10 kwa 25, blaindi kubwa ni senti 25.

Kiingilio: hela unayokaa nayo mezani. Kwa kawaida ni blaindi kubwa 100. Kwa hiyo meza ya senti 10 kwa 25 kiingilio chake kamili ni dola 25.

Mtaji: hela yote uliyoitenga kwa ajili ya poka tu.

Reki: kipande ambacho mwenye tovuti anakikata kwenye poti. Usikisahau. Wachezaji wanakulana wenyewe kwa wenyewe, mwenye nyumba anachukua chake kila saa. Ukiwajumlisha wachezaji wote pamoja, lazima wawe na hasara.

Tilti: hali ya kucheza kwa hasira au uchungu badala ya akili. Inasemekana neno limetoka kwenye zile mashine za pinball, ambazo ukizitikisa kwa hasira zinajizima.

YALIYONIKUTA

Kama wengi wa wakati ule, mimi niliingizwa na hadithi ya Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake la kweli). Alikuwa mhasibu kule Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 alilipa dola 86 kwenye shindano la intaneti, akapata nafasi ya kucheza World Series of Poker jijini Las Vegas, ambako kiingilio kilikuwa dola 10,000. Walikuwa watu 839. Akawamaliza wote, akaondoka na dola milioni 2.5. Ukiisoma hadithi hiyo ukiwa kafe ya Sinza, saa moja shilingi 1,000, feni haizunguki, unaona kabisa na wewe unaweza.

Nilianza 2007 na dola 50 nilizopewa na tovuti moja iliyokuwa inafundisha poka. Ulikuwa unajibu maswali yao, ukifaulu wanakupa mtaji. Nilisoma kweli kweli. Kufikia Juni 2008 zile 50 zilikuwa zimefika 640, nikicheza meza ya senti 10 kwa 25. Nikaanza kutembea kifua mbele. Washkaji wakaanza kuniita profesa.

Halafu ikaanza. Ree mbili zikapigwa na wafalme wawili. Siku hiyo hiyo ree mbili zikapigwa tena. Nikipata jozi, mwenzangu ana jozi kubwa zaidi. Nikiwa mbele, karata ya mwisho inamwokoa mwenzangu. Nikaona nimerogwa. Nikahama kompyuta, kwamba ile ya kwanza ina gundu. Nikatoka meza mbili kwenda nne ili nirudishe haraka. Nikaanza kulala kafe. Wiki mbili tu 640 zikawa 140.

Usiku wa siku ya 18 nikachukua dola 100 katika zile 140, nikakaa meza ya senti 50 kwa dola 1, meza ambayo sijawahi kucheza maishani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nikishinda mikono minne mikubwa nimerudi nilipokuwa. Nikalipia hela zote kwa ree na jeki dhidi ya mtu ambaye alikuwa ametupa karata kwa nusu saa nzima. Alikuwa na ree na mfalme. Kwisha.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na shilingi 120,000 mfukoni. Mama alinipa nikalipe ada ya mdogo wangu. Kulikuwa na jamaa anauza dola za mtandaoni, nikampa zote, akanihamishia dola 100. Nilijiambia nazikopa kwa saa mbili. Zilidumu dakika 40.

Jioni nikamwambia mama nimeibiwa kwenye daladala. Akanipa pole. Akanipa na hela ya nauli.

Mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Alikaa siku nne.

HESABU: MCHEZAJI MZURI ANAWEZA KULIWA KWA MUDA GANI?

Hapa ndipo wengi hatupajui. Tunajua ree mbili ni nguvu, hatujui ni nguvu kiasi gani.

Ree mbili dhidi ya wafalme wawili, hela zote zikiwekwa kabla ya karata za katikati, unashinda kama mara 82 katika 100. Ina maana mara 18 unapigwa, na hakuna aliyekuonea. Kupigwa mara tatu mfululizo hutokea kama mara moja katika kila 170. Inaonekana haba, lakini mtu anayecheza mikono mingi mno anaweza kukutana nayo. Mwenzako mwenye karata nne za kopa baada ya zile tatu za kwanza kufunuliwa, anapata kopa ya tano kama mara 35 katika 100 akiona karata zote mbili zilizobaki. Sasa ukisema "huyu mjinga amebahatisha," ujue ana theluthi nzima ya kubahatisha.

Twende kwenye picha kubwa. Chukua mchezaji mzuri, ambaye kwa wastani anapata faida ya blaindi kubwa 5 kila mikono 100. Meza za watu sita zisizo na kikomo huyumba sana. Kiwango cha kawaida cha kuyumba tukiweke blaindi 90 kwa kila mikono 100. Ukipiga hesabu unapata hivi:

- Baada ya mikono 10,000, ana uwezekano wa asilimia 29 hivi wa kuwa kwenye hasara.
- Baada ya mikono 50,000, kama asilimia 11.
- Baada ya mikono 100,000, bado kama asilimia 4.

Na kama faida yake ni ndogo, tuseme blaindi 2 kwa kila mikono 100, basi hata baada ya mikono 100,000 ana karibu robo ya uwezekano wa kuwa hasarani.

Sasa igeuze kuwa siku. Meza moja ya intaneti inatoa mikono kama 70 kwa saa. Ukicheza meza moja saa tatu kila siku, mikono 10,000 inakuchukua kama siku 48. Kwa hiyo mtu anayecheza vizuri kabisa anaweza kumaliza mwezi na nusu akiwa chini, bila kosa lolote.

Kama huniamini mimi, angalia mashine. Januari 2017 kule Pittsburgh, programu inayoitwa Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilipambana na wachezaji wanne wa kulipwa kwenye poka hii hii ya watu wawili isiyo na kikomo. Ilicheza nao mikono 120,000 kwa muda wa siku 20, ikashinda. Walichagua mikono mingi hivyo ili ushindi usiwe wa bahati. Na bado hawakutosheka: karata zilezile ziligawiwa mara mbili, mara moja upande wa binadamu, mara moja upande wa mashine, ili karata nzuri zisimpendelee mtu. Wataalamu wanahitaji yote hayo kujua nani anacheza vizuri, halafu wewe unataka kujijua kwa Jumamosi moja?

Lakini subiri, usifurahi haraka. Hesabu hii inakata kuwili. Kama bahati mbaya inaweza kumficha mchezaji mzuri kwa mwezi na nusu, basi bahati nzuri nayo inaweza kumpamba mchezaji mbovu kwa muda ule ule. Pengine kupanda kwangu kutoka 50 hadi 640 nako kulikuwa na mkono wa bahati. Kama hujawahi kuwa na faida kwa mikono 50,000 iliyoandikwa mahali, usikimbilie kusema uko kwenye kipindi kibaya. Huenda hiyo ndiyo hali yako ya kawaida.

KWA NINI TUNAZIDI KUZAMA

Kuna mambo mawili ya kichwani yanayotumaliza.

La kwanza ni kudhani karata zinakudai. "Nimeliwa mara tano, sasa ni zamu yangu." Karata hazina kumbukumbu. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga hela kwenye nyekundu kwa imani kwamba lazima ije sasa. Walikwisha.

La pili ni uchungu wa hasara. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha kazi maarufu kuhusu jambo hili: hasara inauma kuliko faida ya kiasi kile kile inavyofurahisha, na mtu aliye kwenye hasara anakubali kubahatisha kitu ambacho asingekigusa akiwa sawa. Ndiyo maana sikuwahi kukaa meza ya dola 1 nikiwa na 640, nikaenda kukaa nikiwa na 140. Ukiitazama kwa utulivu ni kichekesho. Ukiwa ndani yake unaona ni mpango.

Na usidhani ni ushamba wetu wa kafe. Desemba 2009 kijana wa Sweden aliyejulikana kwa jina la Isildur1, ambaye baadaye alifahamika kuwa Viktor Blom, alipoteza kama dola milioni 4.2 kwa Brian Hastings katika saa chache. Mchezo ulikuwa Omaha, ndugu yake Hold'em. Mwezi uliotangulia alikuwa ameshinda mamilioni dhidi ya majina makubwa duniani. Kipaji alikuwa nacho. Breki ndizo zilikuwa tatizo.

SASA UFANYE NINI

1. SIMAMA LEO, SI BAADA YA KURUDISHA. Weka kikomo cha siku kabla hujakaa: viingilio viwili vikiondoka, unafunga, unaenda zako. Kiandike kwenye karatasi ukibandike kwenye kompyuta au nyuma ya simu. Kikomo unachokipanga wakati umeshaliwa si kikomo, kitasogezwa tu. Kama tayari uko kwenye kipindi kibaya, chukua siku tatu bila kugusa. Meza hazihami.

2. TENGANISHA BAHATI NA MAKOSA. Hii ndiyo kazi yenyewe. Tovuti nyingi za poka zinakupa kumbukumbu ya mikono uliyocheza. Ziombe, kisha chagua poti kubwa tu. Mimi nilichukua mikono 61 yenye poti zaidi ya dola 20, nikaiandika kwa mkono kwenye daftari. Kila mkono nilijiuliza: hela zilipoingia zote, nilikuwa mbele au nyuma? Kisha nikapiga hesabu ya kawaida. Nilikuta mara 14 nimeweka zote nikiwa mbele kwa kama asilimia 75, poti ya dola 50 hivi kila moja. Nilitakiwa kushinda kama mara kumi na nusu. Nilishinda sita. Tofauti ni mara nne na nusu, yaani dola 225. Hiyo ndiyo bahati mbaya yangu, kihalali.

Lakini nilipoteza 700. Dola 200 ziliondoka kwenye ile meza ya juu. Zilizobaki 275 ni makosa ya wazi: kulipia ili tu nione karata za mwenzangu, kutishia watu ambao hawatupi karata hata kwa fimbo, kucheza karata mbovu saa tisa usiku. Kwa maneno mengine, gundu lilichukua chini ya theluthi moja. Zaidi ya theluthi mbili nilizitoa mwenyewe, nikiwa nalalamikia gundu.

Hesabu hiyo si ya kitaalamu sana. Ila ilinifumbua macho kuliko kitabu chochote. Ifanye na wewe kabla hujasema umerogwa.

3. SHUKA MEZA. Kama mtaji umepungua chini ya viingilio 20 vya meza unayocheza, shuka meza ya chini yake. Uwe na 30 ndipo upande tena. Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, kati ya 2006 na 2007 alianza na sifuri kwenye mashindano ya bure ya intaneti, hadi akafika dola 10,000. Sheria zake zilikuwa kavu: asikae mezani na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji, na asilipe zaidi ya asilimia 2 kwa shindano. Bingwa wa dunia anacheza meza za senti, wewe unaona aibu? Mimi ile 140 yangu ilitakiwa kwenda meza ya kiingilio cha dola 5. Niliipeleka meza ya dola 100.

4. ANGALIA UNAPOCHEZEA. Kafe si mahali pa utulivu. Kama umelipia saa moja na zimebaki dakika kumi, usianze meza mpya, utaharakisha maamuzi. Umeme ukikatika katikati ya mkono, muda wako unaisha na karata zako zinatupwa, kwa hiyo siku za umeme wa kuruka ruka pumzika. Usicheze na njaa, usicheze ukiwa umekesha, usicheze na washkaji watatu nyuma ya kiti wanaokushangilia. Na usihifadhi neno lako la siri kwenye kompyuta ya kafe. Kuna programu zinazonasa kila unachobonyeza. Kwenye simu hatari ni nyingine: meza iko mfukoni muda wote. Itoe hiyo programu kwa zile siku tatu.

5. PUNGUZA MEZA. Aliyekuwa anacheza nne acheze moja. Kwenye kipindi kibaya tunaongeza meza ili turudishe haraka, wakati akili iliyobaki haitoshi hata meza moja.

6. HESABU MAAMUZI, ACHA SALIO. Ukimaliza, usiandike "nimeliwa dola 12." Andika: maamuzi makubwa yalikuwa saba, matano sahihi, mawili ya hasira. Salio la leo liko mikononi mwa karata. Yale mawili ya hasira yako mikononi mwako, na kesho unaweza kuyafanya kuwa moja.

7. MWONYESHE MTU. Tafuta mmoja anayekuzidi kidogo, mpe mikono yako mitano bila kumwambia mwisho wake ulikuwaje. Ukimwambia kwanza kwamba ulishinda au ulipigwa, atahukumu kwa matokeo. Na usiwe mtu wa kusimulia kila mpita njia jinsi ree zako zilivyopigwa. Kila mtu zake zimepigwa.

8. HELA YENYE KAZI YAKE HAIKAI MEZANI. Ada, kodi ya chumba, hela ya mgonjwa, hela ya dukani kwa watu, mkopo. Hata kama una uhakika. Hasa kama una uhakika. Hizi si nasaha za msikitini au kanisani tu, ni mbinu ya mchezo pia: hela ambayo huwezi kuipoteza huwezi kuicheza vizuri. Inakutetemesha, unatupa karata za kushinda na kulipia za kushindwa. Zile dakika 40 zangu nilicheza poka mbovu kuliko zote nilizowahi kucheza.

LINI SI POKA TENA

Kuna wakati ushauri wa hapo juu hautoshi, kwa sababu kinachoumwa si mchezo. Jiulize haya. Unaficha kiasi ulichopoteza? Umekopa au umechukua hela ya mtu ili ucheze? Ukijizuia siku tatu unakosa usingizi? Umeshadanganya mtu anayekupenda? Unarudi mezani kwa sababu moja tu, kurudisha?

Mimi mwaka ule ningejibu ndiyo kwa karibu yote. Ukijibu ndiyo kwa mawili, kipindi kibaya au kizuri si hoja tena. Acha kabisa. Waandikie tovuti wakufungie akaunti, nyingi zina utaratibu wa mtu kujifungia mwenyewe. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli wote pamoja na tarakimu, maana ukificha tarakimu hujasema. Kuna pia chama cha Gamblers Anonymous, kilichoanzia Los Angeles mwaka 1957, watu wanaokutana kusaidiana kuacha, na baadhi ya mikutano hufanyika kwenye intaneti. Na haya hayawahusu wa poka peke yao. Wale wa mikeka ya mpira, ambao siku hizi ndio wengi zaidi, mkeka ukichanika wanaongeza dau ule mkeka wa jioni. Ugonjwa ni ule ule.

MWISHO WAKE

Niliuza simu yangu kwa 80,000. Ile 40,000 iliyobaki mwenye kafe alinipa kwa makubaliano nimlindie kafe usiku, miezi miwili. Mdogo wangu akarudi shule siku ya tano. Ndani ya usiku hizo za kulinda ndipo nilipoandika lile daftari la mikono 61, maana kompyuta zilikuwa pale na sikuruhusiwa kucheza. Nilijizuia mwenyewe.

Kwenye akaunti zilikuwa zimebaki dola 40. Mwezi wa tisa nilirudi na hizo, meza ya senti 1 kwa 2, kiingilio dola 2. Viingilio 20, kwa mujibu wa sheria. Nilicheza hadi 2010, nikatoka na faida kidogo tu. Sikuwa Moneymaker. Katika muda huo nililiwa tena mfululizo, mara moja kwa wiki tano nzima, kwa bahati mbaya kuliko ile ya 2008. Iliniuma, ila haikumrudisha mtu nyumbani kutoka shule. Bahati mbaya peke yake ilikuwa na uwezo wa kunichukulia viingilio tu. Vingine vyote mwaka ule nilivichukua mimi.

Mama nilimwambia ukweli mwaka huo huo wa 2010. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kitu kimoja: "Na ile nauli niliyokupa?"

Nilikuwa nimeitumia kafe.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali la hesabu, au aliyepita njia hii akatoka kwa namna nyingine, aweke hapo chini tuelimishane. Kwa sababu ya wadogo zetu, tusitajane majina wala kuchekana.